Ratiba mbili kwenye laini moja: kusukuma na kuvuta katika kiwanda cha mabati

Dalili ni rahisi kuitambua. Koili za kijani, yaani mabamba ya chuma yaliyoviringishwa na kupakwa rangi, zimepangwa hadi mlangoni mwa ghala, huku mteja aliyelipia bati za maruni akipigiwa simu kuombwa avumilie. Kiwanda kimefanya kazi usiku na mchana, tani zimetoka, na fundi wa mteja bado amekaa chini ya kenchi tupu akisubiri bati.

Ukifuatilia, utakuta laini moja ya uzalishaji inapokea amri kutoka sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kusukuma. Kompyuta huchukua makisio ya mauzo, huhesabu tarehe kwa kurudi nyuma, kisha humpa kila mtu hati ya kazi: wiki hii pakeni kijani tani kadhaa. Huo ndio MRP (Material Requirements Planning, upangaji wa mahitaji ya malighafi), mfumo ulioasisiwa na Joseph Orlicky mwaka 1964. Ya pili ni ya kuvuta: kituo cha nyuma hakigusi kazi mpaka cha mbele kitumie kilichopo na kurudisha kadi. Mhandisi Taiichi Ohno alianza kuijaribu Toyota mwishoni mwa miaka ya 1940, na kadi hizo ndizo kanbani.

Viwanda vingi vinazo zote mbili, kwa sababu MRP ilinunuliwa pamoja na programu ya uhasibu na kadi zikaletwa baadaye na mshauri. Msimamizi wa zamu anashika hati inayosema kijani, na ubaoni kuna kadi zinazosema maruni. Atamtii anayempima. Akipimwa kwa tani, ataendelea na kijani, maana kubadili rangi kunamlazimu kusimamisha laini na kusafisha mitambo. Simlaumu hata kidogo.

Mabishano ya upi ni bora, kusukuma au kuvuta, yamepoteza muda wa vikao vingi. Hata Toyota huwapa wasambazaji wake mpango uliosawazishwa kabla ya mwezi kuanza. Kadi kazi yake ni kusema leo kichukuliwe nini. La kuamua ni mpaka kati ya kusukuma na kuvuta uwekwe wapi.

Kwenye mabati mpaka unajionyesha wenyewe ukilinganisha muda wa kazi na subira ya mteja. Chuma kinachokuja kwa meli huchukua miezi. Kupaka rangi ni suala la siku. Kutia migongo na kukata urefu ni saa. Mteja ambaye mafundi wako juu ya nyumba atasubiri siku moja au mbili, basi. Kwa hiyo stoki ya kumkinga mteja ikae kwenye koili iliyokwisha kupakwa rangi. Mbele ya hapo, bati lisikatwe bila oda iliyolipiwa, kwa sababu bati la msauzi la mita 4 haliwezi kugeuzwa kuwa la mita 5, wala migongo mipana haiwezi kuwa vigae. Nyuma ya hapo, chuma na rangi vinunuliwe kwa makisio, hakuna njia nyingine. Ila makisio hayo yafanywe kwa geji, yaani unene wa chuma, yasifanywe kwa geji na rangi kwa pamoja. Koili isiyopakwa inaweza kuwa rangi yoyote, kwa hiyo ukikisia maruni kisha kijani ndicho kikapanda, chuma chako bado kina kazi.

Ugomvi wenyewe unaishi kwenye laini ya rangi, katikati. Inapaswa kuvutwa na stoki iliyo mbele yake, lakini haiwezi kubadili rangi kila saa. Suluhisho ninalolitetea ni kutenganisha zamu ya rangi na kiasi cha rangi. Mfuatano unabaki uleule, kutoka rangi nyepesi kwenda nzito ili usafishaji uwe mdogo. Kiasi ndicho kinachovutwa. Tuseme maruni ya geji 30 inatumika koili 2 kwa siku, na zamu yake hurudi kila baada ya siku 10. Hizo ni koili 20. Ongeza 6 za tahadhari, kikomo ni 26. Zamu ikifika na ghalani zimebaki 9, zinapakwa 17. Kijani kikiwa bado kimekaribia kikomo chake, kinarukwa, na saa zake zinahamia rangi inayokaribia kuisha.

Kompyuta haitupwi. Itaendelea kuhesabu chuma, rangi na uwezo wa mitambo, ila isichapishe tena hati ya kazi kwa ajili ya laini ya rangi. Hapa nasisitiza kwa nguvu zote: kuitoa hati “kwa taarifa tu” kunarudisha ugomvi palepale, kwa sababu karatasi yenye tarehe itatiiwa siku bosi akiwa na hasira.

Kwenye mashine za migongo, kinachohitajika ni kikomo cha oda zilizo sakafuni. Mtaalamu wa hisabati za uendeshaji John Little alithibitisha mwaka 1961 kwamba wastani wa kazi iliyo ndani ni sawa na kasi ya kutoka mara muda inaokaa. Mashine ikimaliza oda 8 kwa siku na 40 ziko sakafuni, kila oda hukaa siku 5. Ruhusu 16 tu, zitakaa siku 2. Mwaka 1990 Spearman, Woodruff na Hopp waliupa utaratibu huu wa kikomo jina la CONWIP (constant work in process, kiasi cha kazi kisichobadilika), na mimi naona kikomo hicho ndicho roho ya kuvuta, kuliko kadi.

Watu wa mauzo watalalamika kwamba oda zao zimezuiwa ofisini. Wana haki ya kuelezwa ukweli: mashine itatoa 8 vilevile, na kikomo hakiongezi kasi. Kinachobadilika ni kwamba oda iliyo ofisini inaweza kusahihishwa urefu au kupishwa bila kupoteza chuma, na tarehe wanayomwahidi mteja inashikika.

Zabuni ya shule inayotaka rangi isiyo ya kawaida isiwekewe stoki. Ipewe nafasi kwenye mzunguko, jirani na rangi inayofanana nayo, na ahadi ihesabiwe kuanzia hapo. Atakayetaka iwahi zaidi aseme ni rangi ipi ipungue, na uamuzi uwe wa mtu mmoja.

Udhaifu mkubwa wa kuvuta ni kwamba kadi hujua kilichouzwa jana tu. Wakulima wakivuna na kuuza, maruni ya koili 2 kwa siku inaweza kuwa ya 4 kabla mzunguko haujaisha. Kwa hiyo vikomo vipandishwe wiki kadhaa kabla ya msimu wa ujenzi, na vishushwe kabla ya masika, la sivyo fedha italala ghalani mvua yote. Hapo makisio yana nafasi yake halali, ya kubadili kikomo, bila kutoa amri kwa mashine.

Na kipimo cha wafanyakazi wa laini ya rangi kibadilike siku ileile kadi zinapoanza kutumika. Kihesabiwe idadi ya rangi zilizokwisha ghalani na koili zilizopakwa kupita kikomo. Bonasi ikiendelea kulipwa kwa tani, koili za kijani zitarudi mlangoni.