Mtoto anayezama hapigi kelele, na dhana nyingine za sikukuu kando ya bwawa

Shule zikishafunga, hadi Mwaka Mpya upite, familia za Dar huhamia kwenye maji. Viwanja vya michezo ya maji vinajaa, na hoteli za Kunduchi, Mbezi Beach na Kigamboni zinafungua mabwawa kwa kiingilio cha siku. Tarehe 25 watu wanatoka kanisani, wanakula, na ikifika saa nane mchana hata pa kuvulia ndala hakuna. Kazi yangu ni uokoaji na kufundisha kuogelea, na msimu huu ndio ninaosikia sentensi moja kutoka kwa wazazi wa kila aina, waliokuja na magari yao na waliokuja kwa bajaji. Namwomba mama asogeze kiti chake karibu na bwawa la watoto, ananitazama kwa huruma kidogo, kisha: "Kaka, kwani sitamsikia?"

Hutamsikia, dada yangu. Tuanzie hapo.

"Akizama atapiga kelele"

Hili nitalisema kwa kirefu maana nimelichoka. Wengi wetu tumejifunza kuzama kutoka kwenye sinema: mtu anapunga mikono, anarusha maji, anaita "nisaidieni" mara tatu, ndipo anakwenda chini. Wapo wanaofanya hivyo, lakini hao bado hawajaanza kuzama. Mtu huyo amechoka, au msuli umemkaza. Pumzi ya kuita anayo, na ukimrushia boya atalishika. Mshukuru Mungu, mtoe. Mtoto mdogo asiyejua kuogelea mara nyingi hatua hiyo haipitii kabisa.

Aliyelieleza jambo hili vizuri ni mwokoaji wa Marekani, Frank Pia, aliyekuwa akifanya kazi ufukwe wa Orchard Beach, New York. Miaka ya 1970 alichunguza filamu za watu halisi waliokuwa wakizama pale, na alichokiona ndicho tunachofundishwa hadi leo. Mwili unaokosa hewa unashughulika na pumzi kwanza, maneno ni baadaye. Mdomo wa mtoto unaibuka juu ya maji kwa kitambo kisichotosha hata kutoa pumzi na kuvuta nyingine, sasa hiyo sauti ya kuita "mama" itoke wapi? Kupunga mkono nako hawezi. Mikono inajitanua pembeni yenyewe na kukandamiza maji ili mdomo upande juu, bila yeye kuiamuru. Miguu haipigi. Mwili umesimama wima, na ukimwona kwa mbali utasema anapanda ngazi ambayo haipo. Kwa maelezo ya Pia, hali hiyo huchukua kati ya sekunde 20 na 60 kabla mtu hajazama moja kwa moja, na kwa mtoto mdogo ni karibu na hizo 20.

Sekunde 20 ni muda wa kupokea soda, kuhesabu chenji na kumjibu shangazi WhatsApp, "Amina, na kwenu pia."

Dalili zenyewe ni hizi, zikariri. Kichwa kimelala nyuma, mdomo uko wazi, sawasawa na uso wa maji, unaingia na kutoka. Macho hayakutazami hata ukiwa mbele yake, au ameyafumba. Binti aliyesukwa rasta ndefu za sikukuu, rasta zimemfunika uso na haziondoi. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitumia zaidi: mtoto aliye salama akilowa uso kitu cha kwanza ni kujifuta. Asiyejifuta mfuate. Ukiwa na shaka muulize, "Uko sawa?" Akikujibu, hata kwa kukununia, umepungukiwa nini? Akikutazama tu bila neno, ingia na nguo zako.

Halafu ongeza kelele za siku yenyewe. Disko toto linapiga, MC anaita watoto kwenye shindano la kucheza, na wimbi likija kwenye bwawa la mawimbi kila mtoto anapiga yowe la furaha. Katikati ya hayo mzazi anategemea sikio! Kwa sisi tunaokaa kando ya maji, kelele ni habari njema. Ninayemtafuta kwa macho ni aliyenyamaza.

Ushauri wangu, na wenzangu hunicheka kwa jinsi ninavyoung'ang'ania, ni zamu. Familia ikija na watu wazima sita, wote "wanaangalia watoto", ujue hakuna anayeangalia: kila mmoja anajua mjomba yupo, na mjomba anajua shangazi yupo. Teueni mmoja. Avae kofia maalumu au afungwe kanga kiunoni, dakika 15, hana simu, hana bia, haendi kufuata mishkaki. Zamu yake ikiisha anamvisha mwingine kwa mkono wake na kumwambia kwa sauti, "Watoto wako kwako." Palipo na mtoto asiyejua kuogelea, mwenye zamu awe ndani ya maji naye, umbali wa kumfikia kwa mkono.

Na jamani, nguo ya kuogelea ya bluu acheni. Hata nyeupe. Juu ya maji yanayometa kwa jua la Desemba, mtoto aliyevaa bluu akiwa chini haonekani, sakafu ya bwawa yenyewe ni ya bluu. Mnunulieni chungwa inayowaka, au pinki ile ya kuumiza macho. Akisema haimpendezi, avumilie hadi jioni.

"Si nyinyi waokoaji mpo?"

Tupo. Kipimo kinachotumika sana kwenye kazi yetu ni 10 kwa 20: mwokoaji apitie eneo lake lote kwa macho ndani ya sekunde 10, na akiona tatizo amfikie mtu ndani ya sekunde 20. Kwenye bwawa lililopangiwa watu kwa utaratibu inawezekana. Siku ya Krismasi maji yamevurugika, vichwa vimebanana, na sura ya mwanao ameijua leo asubuhi. Mwokoaji ni tabaka la pili la ulinzi, la kwanza ni wewe uliyemleta.

Tena usidhani kila kijana mwenye fulana nyekundu ni mwokoaji. Niliwahi kuitwa kusaidia sikukuu kwenye ukumbi mmoja wenye bwawa, nikakuta aliyepewa filimbi ni mhudumu wa baa, na kuogelea hajui. Kwa hiyo ulizeni mlangoni, kabla hela haijatoka: waokoaji ni wepi, boya liko wapi, nani anajua huduma ya kwanza? Wakianza kutazamana, rudini kwenye gari.

"Maji yenyewe yanamfika magotini"

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Si wote waliokuwa kwenye kina kirefu. Mtoto anayeanza kutembea ana kichwa kizito kulinganisha na mwili wake. Akianguka kifudifudi kwenye maji ya sentimita chache anaweza asijiinue. Hapo hapo kuna wazazi wanaoogopa bwawa la watu huku uani kwao ndoo ya maji ya kufulia imekaa wazi kutwa nzima.

"Amevaa maboya, hana shida"

Yale maboya ya kupuliza ya mkononi ni mchezo, hata maandishi ya kwenye pakiti mara nyingi yanasema hivyo. Yanavuja. Mtoto aliyepakwa mafuta mwili mzima ili ang'ae kwenye picha za sikukuu, boya linamchomoka kwa mruko mmoja. Tyubu nayo ikipinduka inambakiza kichwa chini. Kama unataka kifaa, tafuta jaketi okozi la uzito wake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, na bado usiondoke.

Wale wanaoniambia mtoto wao amekulia Kigamboni, bahari anaijua: maji ya chumvi yanambeba mtu zaidi kuliko ya bwawa. Aliyezoea kuelea baharini atashangaa.

"Akitolewa aning'inizwe, maji yatoke"

Hii nayo inanipandisha presha. Mtoto anatolewa majini, na kabla sijapiga magoti pale kuna baba ameshamshika miguu, kichwa chini, anamtikisa. Mwingine anamminya tumbo. Kinachomuua mtoto huyo ni kukosa hewa. Maji yaliyoingia kwenye mapafu kwa kawaida ni kidogo na hayatoki kwa kutikiswa. Ukiminya tumbo unapandisha matapishi, na pilau la mchana linahamia kwenye njia ya hewa.

Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu, kichwa kirudi nyuma kidogo. Kama hapumui, mpe pumzi 5 kwanza, ukimbana pua. Kwa mtoto mchanga mdomo wako ufunike mdomo na pua yake pamoja. Bado hajapumua wala kujisogeza? Kandamiza kifua katikati mara 30, pumzi 2, rudia bila kuacha. Mwingine apige 114, Zimamoto na Uokoaji. Ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu bila hewa, kwa hiyo habari ya kumpakia kwenye gari mkimbie naye kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo huku hakuna anayempulizia ni kumpoteza njiani.

Akizinduka, hospitali ni lazima, hata kama ameshaanza kudai soda, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa saa chache baadaye. Lakini ule ujumbe unaozunguka WhatsApp, kwamba mtoto aliyekunywa maji ya bwawa Jumamosi akacheza vizuri anaweza kufa usingizini Jumanne, ufuteni. Tatizo la kweli hujionyesha mapema, ndani ya saa chache: anakohoa mfululizo, anahema kwa shida, amelegea. Ukiona hivyo usisubiri kesho.

Mengine kwa haraka

Kula kabla ya kuogelea hakuzamishi. Hakuna ushahidi kwamba pilau humfanya mtu akakamae majini. Akishiba sana ataona uvivu, basi. Watu wazima kinachowazamisha ni pombe, na hiyo hakuna anayewahi kuniuliza wasubiri saa ngapi.

Harufu kali ya klorini, ile ya kuwasha macho, haimaanishi maji ni safi. Inatokea klorini ikishakutana na jasho na mkojo wetu. Ogeni kwa sabuni kabla ya kuingia, na wapelekeni watoto chooni kila baada ya muda. Anayeharisha abaki nyumbani: kriptosporidiamu, kimelea cha kuharisha, kinaweza kuishi zaidi ya wiki nzima kwenye maji yenye klorini.

Ngozi nyeusi inaungua. Polepole kuliko nyeupe, lakini inaungua, na jua la Dar mwezi Desemba liko karibu utosini. Mtoto mwenye ualbino asiingie majini saa sita hadi saa tisa mchana. Asubuhi panatosha, akiwa na fulana ya mikono mirefu na krimu ya jua inayopakwa upya kila atokapo majini.

Kushuka kwenye mtelezo na mtoto mapajani kunaonekana kama ulinzi, ila ndivyo watoto wanavyovunjika miguu. Kiguu chake kinakwama ukingoni, uzito wako unaendelea kushuka, muundi unajipinda hadi unavunjika. Akiwa peke yake angesimama pale alipokwama.

Mwisho ni ubao wa kimo, ule wa kupimia urefu wa mtoto kabla hajapanda mtelezo. Hauhusu umri wala ujasiri. Umewekwa kwa sababu mwili mfupi au mwepesi kwenye mtelezo mkubwa unarushwa tofauti, na kule chini bwawa la kutulia lina kina chake. Kumsimamisha mtoto kwa ncha za vidole vya miguu au kumvalisha raba nene mbele yangu hakusaidii, nitamwambia avue. Na baba anayeninong'oneza "mruhusu tu, ni sikukuu" nitamwelekeza kwenye mtelezo mdogo, ambao hata foleni yake ni fupi.