Figo uliyopewa na ndugu yako ina jeni zake, na kuzifuatilia kunataka hela

Kliniki ya waliopandikizwa figo, swali la kwanza la nesi sio unajisikiaje, ni "dawa ya asubuhi umeshakunywa?" Na hakosekani mtu wa kujibu kwa kujisifu kabisa, ndio sista, saa kumi na mbili kamili kama mlivyoniambia. Basi hapo siku imeharibika. Damu ya kupima kiwango cha takrolimasi, ndiyo hiyo dawa yenyewe, inatolewa kabla ya dozi ya asubuhi, kama masaa 12 baada ya ile ya jana usiku, ukishameza kipimo kinasoma juu na daktari anaweza kukupunguzia dawa ambayo haikutakiwa kupunguzwa. Mtu wa watu kalala kwa shemeji yake Mbagala ili awahi foleni, anaambiwa arudi kesho.

Tunasumbuana hivyo kwa sababu hii dawa haina uvumilivu. Kazi yake ni kuituliza kinga ya mwili isiishambulie figo ngeni. Ikipungua figo inakataliwa, ikizidi inaiumiza figo hiyo hiyo tunayoilinda, mikono inatetemeka, sukari nayo inapanda. Sasa wagonjwa wawili wana kilo sawa, wanameza vidonge sawa, mmoja kipimo kiko sawa mwenzake dawa kwenye damu ni kama haipo. Tunaanza kumshuku, huyu anaruka dozi huyu. Kumbe mara nyingi ni jeni.

Jeni yenyewe inaitwa CYP3A5. Inatengeneza kimeng'enya kinachoivunja takrolimasi kwenye utumbo na ini. Kwa Wazungu wengi imelala, haifanyi kazi, ila kwa Waafrika wengi iko macho na dawa inavunjwa haraka. Mwongozo wa kimataifa uliotoka 2015 unasema mwenye jeni inayofanya kazi aanzishiwe dozi mara 1.5 hadi 2 ya ile ya kawaida, halafu apimwe na kurekebishiwa. Mimi hilo neno "kawaida" huwa linanichekesha, kawaida ya nani? Ndio maana nasema utafiti wa kufuatilia jeni za mpokeaji figo na za aliyemtolea sio anasa ya nchi tajiri, hapa kwetu unagusa idadi ya vidonge anavyotakiwa kumeza mtu kesho asubuhi.

Kupandikiza figo kwenyewe kulianza kwa kuzikwepa jeni. Tarehe 23 Desemba 1954 kule Boston daktari Joseph Murray na wenzake walichukua figo ya Ronald Herrick wakamwekea Richard, pacha wake wa kufanana, na kwa kuwa jeni zao zilikuwa zilezile mwili haukukataa, Richard akaishi miaka 8 zaidi. Sisi wengine hatuna pacha. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kabisa kwenye zile alama za HLA, ambazo kinga ya mwili inazitumia kujua kipi chake na kipi kigeni, zinazopimwa kabla ya upasuaji, na nafasi hiyo hiyo ya kutolingana hata kidogo. Na vipimo hivi, nisiwafiche, kuna siku vinaonyesha baba sio baba, kwa hiyo bajeti ya utafiti isiyo na hela ya mshauri nasaha mimi naiona ni bajeti ya hatari.

Ila kilichonishangaza zaidi mimi ni habari ya APOL1. Mwaka 2010 watafiti waligundua kwamba aina mbili za jeni hii, wanaziita G1 na G2, zinaongeza sana hatari ya ugonjwa wa figo kwa watu wenye asili ya Afrika, hasa ukirithi nakala mbili, yaani moja ya baba na moja ya mama. Zimejaa zaidi Afrika Magharibi, na zimebaki kwenye damu ya watu kwa sababu zilikuwa na faida, zinasaidia kupambana na vimelea vya malale, ule ugonjwa wa mbung'o. G2 inavipiga hata vile vya malale ya upande wetu wa Afrika Mashariki. Yaani silaha ya babu dhidi ya mbung'o ndiyo inayokuja kumchomea mjukuu figo.

Kwenye upandikizaji, tafiti za Marekani kuanzia 2011 zikaonyesha kilicholeta tofauti kubwa ni jeni za aliyetoa figo. Figo ikitoka kwa mtu mwenye nakala mbili, kwa wastani inachoka mapema. Wamarekani weusi wenye nakala mbili ni kama asilimia 13 tu, lakini fomula yao ya kupima ubora wa figo ya marehemu ilikuwa inashusha alama za figo yoyote iliyotoka kwa mtu mweusi, hao wengine wote wakabebeshwa mzigo usio wao. Kigezo hicho cha rangi kiliondolewa 2024. Na mwaka 2017 taasisi za afya za taifa kule, NIH, zilianza kulipia utafiti mkubwa unaoitwa APOLLO wa kufuatilia jambo hili hili, kwa mchangiaji na mpokeaji wote wawili.

Sasa hela. Kusoma genomu ya kwanza ya binadamu, yaani jeni zake zote, kulichukua 1990 hadi 2003 na karibu dola bilioni 3, leo ya mtu mmoja inasomwa kwa chini ya dola 1,000, kwa hiyo watu wanatuuliza mnalilia nini tena? Tunalilia friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri na jenereta yake umeme ukikatika, nauli ya mgonjwa, vocha, na mtu wa kupiga simu miaka 10 mfululizo kuuliza kreatinini yako, kile kipimo cha damu cha kujua figo inavyofanya kazi, ikoje, kaka aliyekupa figo naye presha yake ikoje. Figo ya ndugu inaweza kukaa miaka 10 hata 20, ruzuku inakuja ya miaka 3 au 5. Hata H3Africa, mradi mkubwa wa jeni Afrika uliolipiwa na NIH na Wellcome, shirika la hisani la Uingereza, ukiwa na kundi zima la magonjwa ya figo, ulianza kutoa fedha 2012 na 2022 ukafungwa.

Halafu kwetu bado tuko wachache. Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza Novemba 2017, Dodoma kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa wakafuata 2018, na jeni zenye athari ndogo ndogo zinataka maelfu ya jozi za mtoaji na mpokeaji ndio zionekane, kwa hiyo lazima tuunganishe sampuli na nchi nyingine. Hapo ndipo maneno yanapoanza, damu yetu inauzwa nje. Kwa Tanzania sampuli haitoki nchini bila mkataba uliopitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na una haki ya kuuliza itakaa wapi, nani ataitumia, na ukijitoa inaharibiwa au la. Uliza kabla hujasaini fomu ya ridhaa, asiyetaka kukujibu usimpe mkono wako.

Ukikubali kuingia kwenye utafiti, njoo na ndugu aliyekutolea figo, maana damu yako peke yake inatupa nusu ya stori. Na vidonge vya asubuhi viweke mfukoni, utameza ukishatolewa damu.