Mkono kuvuka kichwa si kibali cha kuanza chekechea

Ikifika Novemba, Mwanza swali ni moja: huyu wako Januari anaanza? Jirani ana jibu, bibi ana lake, na shule ya kulipia nayo ina lake, mara nyingi "mlete tu". Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi, kuanzia Igoma mpaka Kirumba, na ambayo sikubaliani nayo.

"Akishika sikio, ameiva"

Kipimo hiki nani asiyekijua? Mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, anatakiwa ashike sikio la kushoto. Kilishika nguvu enzi ambazo wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, tena kilikuwa cha darasa la kwanza, si cha chekechea. Kinachopimwa hapo ni umbo. Mtoto mdogo ana kichwa kikubwa na mikono mifupi, na wengi hulifikia sikio wakiwa na miaka sita hivi au saba. Mwenye mikono mirefu atafaulu mapema, mwenye mifupi atafeli, na wewe bado hujui kama anaweza kushinda asubuhi nzima bila mama yake.

Umri umeshaandikwa. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, inataka mwaka mmoja wa elimu ya awali, yaani chekechea, kisha darasa la kwanza akiwa na miaka sita. Maana yake awali ni miaka mitano. Tarehe aliyozaliwa iko kwenye kadi ya kliniki, kwa hiyo sikio tuliache.

"Anajua A mpaka Z na anahesabu hadi hamsini"

Hii ndiyo inayodanganya wazazi wengi, kwa sababu inapendeza mbele ya wageni. Kuimba namba ni jambo moja, kuhesabu ni jingine. Jaribu nyumbani: mwagia dagaa wachache kwenye sinia, mwambie akupe watano. Aliyeimba hadi hamsini unaweza kumkuta kidole kinaruka dagaa wawili, kinarudi kwa yule yule, mdomo umeshafika tisa. Hajashindwa, ndivyo wanavyojifunza. Ila usiseme anajua hesabu.

Na hata akipatia, mwalimu wa awali atakuwa na haja na mambo mengine kabla ya hayo. Je, mtu asiye wa nyumbani anaelewa anachosema? Anaweza kuomba kwenda chooni kabla mambo hayajaharibika, akashusha kaptula mwenyewe na kuipandisha? Ukimwambia "vua ndala, ziweke mlangoni, halafu lete kikombe", anafika mwisho au anapotelea kwenye ndala? Akinyang'anywa mpira analia, sawa, lakini anatulia baada ya muda? Hakuna mtoto anayepata yote, wala si mtihani. Akiwa na mengi kati ya hayo, herufi zitakuja, ndiyo kazi ya shule.

Penseli nayo isikusumbue. Vidole vinapata nguvu kwa kufinyanga udongo, kuchambua mchele na kufunga vifungo vya shati. Shule inayompa mtoto wa miaka minne usaili wa kusoma na kuandika, kwa maoni yangu, inatafuta watoto ambao hawataisumbua.

"Akilia getini, bado"

Kulia siku za mwanzo ni kawaida. Muulize mwalimu alinyamaza baada ya muda gani na alicheza na nani. Usimtoroke, muage, umwambie utamfuata saa ngapi, na umfuate kweli. Wiki zikipita bado hali uji, au ameanza tena kukojoa kitandani, hapo kaeni na mwalimu mzungumze.

"Kwanza aache Kisukuma"

Mtoto aliyelelewa na bibi Magu au Misungwi akiletwa mjini, watu humwona amechelewa. Shule za umma zinafundisha kwa Kiswahili, ni kweli, na atahitaji kukizoea. Lakini anayeweza kukusimulia kwa Kisukuma jinsi mbuzi alivyokata kamba tayari anajua kupanga habari, na uwezo huo anauhamishia Kiswahili. Ukimkataza lugha ya bibi, unamnyima mtu anayeongea naye kuliko wote. Mfundishe tu maneno ya dharura: choo, maji, naumwa, amenipiga.

"Mzito, anasinzia, hajakomaa"

Kwetu huku ziwani, kabla ya kusema hajakomaa, mpeleke kituo cha afya. Watoto wanaooga na kucheza ziwani wanapata kichocho cha tumbo. Ongeza minyoo na malaria, damu inapungua, na mtoto mwenye damu kidogo anachoka na hafuatilii. Masikio pia: aliyetokwa usaha mara kwa mara huenda hasikii vizuri. Mwite kwa sauti ndogo akiwa amekupa mgongo. Mwaka mzima wa kumsubiri akomae hautatibu sikio. Mwenye ulemavu naye asifichwe ndani. Nenda shuleni mapema ukaulize watampokeaje.

"Akiwahi kuanza, atakuwa mbele"

Tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha kinyume: watoto wadogo kuliko wenzao darasani ndio huambiwa mara nyingi zaidi kuwa wana tatizo la kutotulia, kumbe wamepitwa miezi kumi tu. Kama una shida ya mahali pa kumwacha ukiwa sokoni Mwaloni, hiyo ni shida halali, na jibu lake ni kituo cha kulelea watoto mchana kilichosajiliwa, si kumwongezea umri kwenye fomu.

"Kinachopimwa ni mtoto"

Shule nayo ipimwe. Kiwango cha serikali kwa awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na madarasa mengi ya umma yamezidi hapo mara kadhaa. Mtoto yule yule anaweza kuwa tayari kwa darasa la thelathini na asiwe tayari kwa la mia. Angalia njia: anavuka barabara kubwa, anashuka mawe ya Mabatini mvua ikinyesha, au anapakiwa wa nne kwenye bodaboda? Nenda siku ya kazi, saa nne, bila miadi. Angalia kama wanacheza au wamekaa kimya wakinakili ubaoni, halafu omba uonyeshwe choo. Kama tundu la choo limechimbiwa watu wazima, mwanao atajizuia mpaka nyumbani, na hilo litakuharibia muhula kuliko alfabeti.