Je, wajua ni kwa nini vazi la jukwaa la Paris linaweza kutoka kabatini mwako?

Mtu anayetazama picha za maonyesho ya mitindo ya Paris au Milan huvutiwa kwanza na vazi, kisha huona bei yake na kukata tamaa. Hata hivyo wapo wanaorudi kwenye kabati lao, wakatoa koti la zamani, sketi ya kitenge na mkanda wa ngozi, na wanapotoka nje, aliyeiona picha ile huikumbuka papo hapo, ingawa hakuna hata uzi mmoja unaolingana na wa vazi la asili. Jambo hilo linawezekanaje?

Jibu limo katika namna jicho linavyosoma nguo. Kabla mtazamaji hajatambua kama kitambaa ni hariri au pamba, na muda mrefu kabla hajaiona lebo, jicho lake limekwisha kushika umbo: mabega yana upana gani, kiuno kimewekwa wapi, pindo linaishia wapi mguuni, ni sehemu gani iliyobana na ipi iliyoachwa huru. Baada ya umbo huja tabia ya kitambaa, yaani kama kinasimama chenyewe au kinateleza mwilini, na baada ya hapo namna rangi nzito na nyepesi zilivyopangwa. Maua, vifungo na lebo hufika mwisho. Anayeanza kwa kutafuta ua lilelile na rangi ileile huwa ameanzia mwisho, ndiyo maana hupata kitu kinachokaribia lakini hakifanani. Kabla ya kugusa nguo yoyote, itazame picha ukiwa umefumba macho nusu, au ibadilishe kwenye simu iwe nyeusi na nyeupe. Kinachobaki hapo ndicho cha kuiga.

Tuchukue mfano wa Christian Dior, mbunifu wa mavazi wa Kifaransa. Tarehe 12 Februari 1947, katika jengo namba 30 la avenue Montaigne mjini Paris, alionyesha mkusanyo wake wa kwanza wa mavazi, na Carmel Snow, aliyekuwa mhariri wa jarida la Kimarekani la Harper's Bazaar, akausifu kuwa ni mwonekano mpya, jina ambalo limebaki hadi leo. Vazi lililokumbukwa kuliko yote siku ile ni suti iliyopewa jina la Bar: koti la hariri lenye rangi ya maziwa, lililobana kiuno na kufura kwenye nyonga, juu ya sketi nyeusi ya sufu iliyojaa marinda. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha lakini vitambaa bado vilikuwa adimu, na nchini Uingereza nguo ziliendelea kuuzwa kwa mgawo hadi mwaka 1949. Wanawake wa kawaida walioutamani mtindo huo walichukua sketi walizokuwa nazo, wakaziongezea kipande cha kitambaa ili pindo lishuke chini ya goti, na wakabana viuno vyao kwa mikanda. Sketi zilikuwa zilezile walizozivaa wakati wa vita, lakini zilisomeka kuwa za mwaka 1947, kwa sababu mstari wa kiuno na wa pindo ulikuwa umehama.

Suti hiyo inaigika hata leo, ila inafaa kuelewa kinachoifanya isimame. Ndani ya koti la Dior, kwenye nyonga, kuna pedi zilizoshonewa humo ili kulifurisha. Koti la kawaida la ofisini halina pedi hizo, lakini likiwa na mkia mfupi na likafungwa mkanda juu ya sketi pana yenye shumizi nene chini yake, basi sketi ndiyo itakayolisukuma lifure. Kwa sketi, ningechagua kitenge kipya ambacho hakijafuliwa mara nyingi, kwa kuwa kitenge cha namna hiyo ni kigumu kiasi na rinda lake hukaa lilipowekwa, wakati sketi ya krepe, kitambaa laini kinacholegea, hata iwe nyeusi kama ya Dior, itaning'inia na kulivunja umbo lote. Rangi ya kitenge iwe nzito kuliko ya koti, hilo linatosha.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Yves Saint Laurent, mbunifu mwingine wa Paris. Mwaka 1966 alichukua vazi la jioni la wanaume, yaani koti jeusi na suruali yenye utepe wa satini ubavuni, akamvika mwanamke pamoja na shati jeupe lenye mikunjo kifuani na mshipi mpana wa satini kiunoni. Vipande hivyo vilikuwa vimekaa kwenye makabati ya wanaume kwa miaka mingi. Upya wake ulikuwa katika mwili uliovishwa, na ndiyo sababu vazi hili ni jepesi kuiga kuliko mengine ya wabunifu wakubwa: nyumba nyingi zina suti moja nyeusi ya kiume isiyovaliwa.

Nyumbani kwetu suti hiyo ilikuwa ya marehemu baba mdogo. Nilipoivaa mara ya kwanza, mshono wa bega ulianguka vidole vitatu nje ya bega langu, na vazi zima likaonekana la kuazima. Nilidhani dawa yake ni kulipunguza koti ubavuni, nikabana kwa pini huku na huku, na kila nilipobana ndipo mabega yalipozidi kunyong'onyea. Fundi cherehani niliyempelekea alilitazama bila kunipima, akatoboa bitana kidogo, akazitoa pedi za zamani zilizokuwa zimelala na kuweka nyingine nene zaidi. Bega lilisimama, na upana uleule uliokuwa kasoro ukageuka kuwa sura ya vazi. Mikono ya koti ilikunjwa mara moja ili mfupa wa kifundo uonekane, kwa maana mahali mkono wa nguo unapoishia ndipo jicho linapopima kama nguo ni ya mvaaji. Utepe tuliukata kwenye shumizi kuukuu ya satini. Fundi aliupiga bandi kwa mkono juu ya mshono wa nje wa suruali kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo, na kwa kuwa ni mstari mmoja unaong'aa ambao haukatiki, mguu ulionekana mrefu kuliko ulivyo. Kiuno cha suruali kilikuwa kipana mno, hivyo kilikusanywa kwa nyuma, na mtandio wa satini uliokunjwa mara tatu ukakifunika kama mshipi.

Asiyezoea kutazama maonyesho ya mitindo anaweza kudhani kwamba huku ni kudanganya. Mimi sioni hivyo, kwa sababu wabunifu wenyewe hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Martin Margiela, Mbelgiji aliyeanzisha nyumba yake ya mitindo mwaka 1988, aliunda sweta kwa soksi za jeshi zilizofumuliwa na kuunganishwa upya, visigino vya soksi vikawekwa kwenye viwiko na kifuani, mahali ambapo mwili una mviringo. Kwa msimu wa mwaka 2007 Louis Vuitton, nyumba ya mitindo ya Paris, ilitoa mikoba yenye miraba ya ule mfuko wa plastiki ambao Watanzania huuita shangazi kaja. Kwa msimu wa mwaka 2012 nyumba hiyohiyo ilionyesha mavazi ya kiume ya Kim Jones, Mwingereza aliyeishi Kenya utotoni, na ndani yake mlikuwa na skafu na mashati yenye miraba ya shuka za Kimaasai. Mkazi wa Arusha au Kajiado anayetaka kuuiga mkusanyo huo anacho kitambaa chenyewe. Analohitaji kuchukua kutoka Paris ni namna kilivyopangwa, shuka likizungushwa shingoni juu ya koti la suti lililonyooka.

Yapo mambo yasiyoigika, na ni vizuri kuyajua mapema ili mtu asiharibu nguo nzuri. Umbo la koti la bei kubwa hubebwa na tabaka za ndani ambazo fundi amezishikiza kwa mkono, mshono juu ya mshono, na ukosefu wake huonekana mvaaji anapoinua mkono au kuketi. Hila nyingine za ndani ni rahisi. Kwenye makoti ya Chanel, nyumba nyingine ya mitindo ya Paris, mnyororo mwembamba hushonewa ndani ya pindo ili uzito wake ulivute koti lianguke wima, na mkufu uliokatika, ukishonewa hivyo katika koti jepesi linalopanda nyuma, hufanya kazi ileile.

Kwa kuwa tabia ya kitambaa ndiyo inayowashinda wengi, nashauri zoezi moja linalotokana na kazi ya Madeleine Vionnet, mbunifu aliyefungua nyumba yake ya mitindo mjini Paris mwaka 1912 na kupata sifa kwa kukata kitambaa kwa mshazari. Kitambaa kilichofumwa hakivutiki sana kwa wima wala kwa mlalo, kwa sababu nyuzi zimenyooka upande huo, lakini kikivutwa kona kwa kona hunyumbuka, kikauzunguka mwili bila kuhitaji mishono mingi. Karibu na mwaka 1920 Vionnet alitengeneza gauni la jioni kwa miraba minne ya krepe ya hariri, miwili mbele na miwili nyuma, iliyoning'inizwa kwa pembe zake. Mwenye mitandio minne mikubwa ya mraba, laini na inayolingana, anaweza kulijaribu mchana mmoja: pembe moja ya kila mtandio iwe begani, kingo zinazokutana zishikizwe kwa bandi ili zifumuliwe baadaye bila kudhuru kitambaa, na shumizi ivaliwe ndani. Pindo litashuka kwa ncha zitakazochezacheza mtu anapotembea, na nguo itagusa nyonga ingawa hakuna aliyeipima. Kisha fumua, ugeuze mitandio hiyohiyo ining'inie kwa ukingo wake mnyoofu badala ya pembe, ujitazame tena kwenye kioo: itasimama mbali na mwili kama pazia.