Kabla hujaniomba lile faili la picha ya setilaiti

Wiki iliyopita yamenikuta tena. Kijana wa shahada ya uzamili kaingia ofisini na kompyuta mpakato, shikamoo Dokta, marahaba, akafungua folda yenye picha sitini na tatu alizozipiga kwenye skrini ya Google Earth. Kaziunga moja baada ya nyingine mpaka zikafunika pwani nzima ya Zanzibar kutoka Paje hadi Jambiani. Anataka kupima mashamba ya mwani na kuona kama yamepungua. Wiki mbili kakesha. Nikamuuliza bendi ya infraredi, ile ya mwanga usioonekana kwa macho, iko wapi, akanyamaza. Nikamuuliza kipande hiki cha kushoto ni cha mwezi gani na kile cha kulia ni cha mwaka gani, hajui. "Lakini Dokta, si ndizo hizo hizo picha za setilaiti? Zipo bure."

Kijana simlaumu, maana hata wasimamizi wake wanaamini hivyo. Na wasioamini hivyo wanaamini kinyume chake: kwamba picha kali, zinazoonyesha hata vitu vidogo, ni za matajiri, kwa hiyo dawa ni kumtafuta mwenye nazo akugawie kwenye flashi. Mimi ndiye huyo mwenye nazo, na nimechoka kuonekana mchoyo.

Google Earth kwanza, kwa haraka. Unachokiona pale ni rangi tatu zilizobanwa na kung'arishwa ili zipendeze macho. Thamani za mwanga zilizopimwa na kamera hazimo tena. Picha za tarehe tofauti zimeshonwa pamoja, na nyingi ni mali ya kampuni nyingine. Google imenunua haki ya kuzionyesha, haijanunua haki ya kukugawia wewe. Masharti yake yanaruhusu kuchapisha picha kwenye makala kwa kutaja chanzo, lakini yanakataza kuzitumia kuchorea hifadhidata nyingine ya ramani. Vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa pale Dar es Salaam, wamelijua hili tangu 2015 vizuri kuliko maprofesa wengi. Anayechora kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia mtandaoni, hufundishwa siku ya kwanza kwamba anafuatisha picha ambayo mwenye picha ameruhusu ifuatishwe.

"Basi tumia Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, hiyo ni bure kweli." Ni bure, na naipenda. Lakini pikseli yake, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 kwa 10. Nenda Jambiani maji yakiwa yamekupwa ukaone shamba lenyewe: vijiti viwili, kamba ya mita chache, kamba nyingine pembeni, na katikati mchanga mweupe. Pikseli moja inameza kamba za mama mmoja, mchanga wake, na majani ya bahari ya jirani, kisha inakupa wastani wa vyote. Hapo ndipo unapohitaji picha za setilaiti za kampuni: PlanetScope ya mita 3, au WorldView-3 yenye bendi ya kijivu ya sentimita 31 na bendi za rangi za mita 1.24.

Haya, zinapatikanaje? Milango ipo. Planet, kampuni yenye PlanetScope, ina mpango wa elimu na utafiti: unajiandikisha kwa barua pepe ya chuo, unapewa kiwango cha kilomita za mraba kwa mwezi, unatumia kwa kazi isiyo ya biashara, unawataja kwenye makala. Gmail haitoshi, kwa hiyo kama chuo hakijakupa anwani, anzia ofisi ya TEHAMA ya chuo. Shirika la Anga la Ulaya, ESA, lina utaratibu unaoitwa Third Party Missions. Humo mna picha za setilaiti kama Pléiades, SPOT, WorldView, SkySat, PlanetScope, hata rada za ICEYE zinazopenya mawingu. Unaandika andiko fupi la mradi, linapitiwa, unapewa mgao. Mtafiti wa Dar au Nairobi anaweza kuomba mikusanyo mingi, ila soma masharti ya kila mmoja. Andiko langu la kwanza lilirudishwa kwa sababu niliomba "pwani ya Tanzania". Omba poligoni, yaani mipaka ya eneo lako, tarehe na sababu. Shirika la anga la Ujerumani, DLR, hutoa kwa andiko modeli ya miinuko ya TanDEM-X ya mita 12, na ile ya mita 90 unapakua kwa kujiandikisha tu. NASA nayo hununua data za kampuni, lakini mlango huo ni wa watafiti wanaofadhiliwa nayo na taasisi za serikali ya Marekani, kwa hiyo unahitaji mshirika aliye ndani. Na wanaofuata miongozo ya zamani ya mozaiki za tropiki zilizolipiwa na Norway, zile za mita 4.77: mkataba ule ulikwisha Januari 2025. Soma masharti ya sasa kabla hujajenga tasnifu juu yake.

Ukilazimika kununua, jua kwamba kampuni haikukatii kipande cha kilomita moja. Kwa kawaida picha iliyokwishapigwa huanzia kilomita za mraba 25, na ya kuiagiza setilaiti ipige upya huanzia 100. Muulize wakala punguzo la vyuo, na muulize kwa maandishi.

Sasa leseni, jambo linalonikera kuliko yote. Watu hulipa, wakapokea faili, wakasema "picha yetu". Si yenu. Mmelipia ruhusa ya kuitumia kwa namna fulani, ndani ya taasisi fulani.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na picha ya WorldView-2 iliyonunuliwa na mradi. Kwenye fomu ya oda, sehemu ya watumiaji, imeandikwa taasisi moja. Mshirika wetu wa taasisi nyingine, mwandishi mwenza kabisa, mtu tuliyekunywa naye kahawa kila asubuhi ya kazi ya uwandani, akanitumia ujumbe: "Nitumie ile picha." Nikamwambia siwezi. Akadhani natania. Alipoona sitanii alinuna, na taasisi yake ikatuandikia barua kwamba tunaficha data. Barua ile iliniuma, kwa sababu kosa lilikuwa la siku ya oda. Tungeijaza taasisi yake kwenye fomu, tungelipa nyongeza kidogo, mara nyingi ndogo kuliko kununua upya, na faili lingekuwa kwake kihalali. Hakuna aliyefikiria washirika siku ile. Tulifikiria bei tu.

Halafu kuna kazi zinazotokana na picha. Kila kampuni ina maneno yake, lakini kipimo kinachojirudia ni hiki: je, mtu akichukua ulichotengeneza anaweza kuzirudia pikseli za asili? Kama anaweza, bado ni picha yao. Ukiikata, ukaishona na nyingine, ukaunganisha bendi za rangi na ile ya kijivu, ni yao. Mwanafunzi mmoja alinibishia nusu saa kwamba ameihamisha kutoka mfumo mmoja wa koordineti za ramani kwenda mwingine, UTM, kwa hiyo ni data mpya. Hapana, pikseli ni zile zile zimesogezwa. Lakini poligoni za mashamba ulizochora, jedwali la hekta, ramani yenye madaraja ya mwani, mchanga na matumbawe, hizo kwa leseni nyingi ni zako, unazitoa, unazigawa. Katikati kuna NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea kinachokokotolewa kutoka kwenye picha, kwa ukali ule ule wa picha. Leseni moja inairuhusu, nyingine inaihesabu kuwa picha iliyoongezwa thamani. Usikisie. Ifungue leseni, utafute neno hilo.

Jarida likikudai data, toa poligoni, programu uliyoandika, na namba za utambulisho za kila picha, ili mwenye ruhusa yake aagize zile zile. Na leseni iwekwe folda moja na picha. Nimekuta picha za maelfu ya dola kwenye diski ya droo, karatasi ya masharti haipo, na hakuna anayethubutu kuzigusa.

Kuna mwanya mmoja unaochanganya watu. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira Machi 2019, DigitalGlobe, iliyokuja kuwa Maxar, ilifungua picha zake kupitia mpango wa Open Data. Leseni ya mpango huo ni ya matumizi yasiyo ya biashara. Wewe mhadhiri ukizitumia kwenye utafiti, sawa. Ukizitumia kwenye kazi ya ushauri uliyolipwa, umevuka mpaka, hata kama ni kompyuta ile ile na meza ile ile.

Yapo yanayoninyima usingizi. Nikifundisha modeli ya kompyuta kutambua mwani kwa picha zenye leseni, je, modeli yenyewe ni yangu? Pikseli haziko ndani yake, lakini bila hizo isingekuwapo. Leseni nyingi nilizosoma ziliandikwa kabla swali halijaja. Mimi huuliza kampuni kwa barua pepe na kuhifadhi jibu. Jingine: setilaiti za PlanetScope ni nyingi na za vizazi tofauti, na kamera zao hazifanani. Juu ya maji, penye mng'ao wa jua, nimewahi kuona majani ya bahari "yakipungua" mwezi ule ule kizazi cha kamera kilipobadilika. Sikuchapisha. Na mhakiki asiye na leseni hawezi kurudia kazi yangu mwanzo hadi mwisho. Hilo sijalitafutia dawa.

Kijana nimemkalisha tukaanza upya. Setilaiti hizi nyingi hupita kwetu asubuhi, saa nne mpaka saa tano hivi, na bahati ya Zanzibar ni kwamba siku za bamvu, bahari inapojaa na kukupwa sana, ndio wakati maji yamekupwa na kamba ziko wazi. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, picha ni kali vile vile ila haina maana, mwani umezama. Akachukua jedwali la maji, akaorodhesha tarehe za bamvu za miaka mitatu, akazilinganisha na orodha ya picha zilizopo. Nyingi zina wingu. Zilizobaki ni kumi na moja, na ndizo alizoandika kwenye ombi, pamoja na poligoni ya ufukwe na jina la taasisi ya msimamizi wake wa pili.