Doug Ramsey hakuwa sifuri: yanayosemwa kuhusu Cypher na yaliyo kweli

Waulize wasomaji wa vibonzo vya Marvel wakutajie shujaa asiye na faida, na jina la Cypher halitachelewa kutajwa. Ni kijana wa shule mwenye nywele za manjano. Hana mabawa, hatoi moto mikononi, na risasi ikimpata inamtoboa kama inavyomtoboa mtu yeyote. Kipaji chake ni kimoja tu: anaelewa lugha.

Mimi nampenda tangu siku ya kwanza niliyomsoma. Naamini pia kwamba msomaji wa Kiswahili ana sababu nyingi za kumpenda kuliko msomaji aliyekulia kwenye lugha moja. Wengi wetu tumelelewa kwa lugha mbili tatu, ya nyumbani, ya sokoni na ya darasani, na tunamjua vizuri yule mtu anayeitwa asimame katikati watu wawili wanaposhindwa kuelewana. Kwa hiyo huwa yananiuma yanayorudiwarudiwa kumhusu Doug, hasa na watu ambao hawajafungua hata toleo moja alimo.

Kwa asiyemjua: jina lake kamili ni Douglas Ramsey. Alionekana kwanza katika toleo la 13 la New Mutants, la Machi 1984, lililoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na Sal Buscema. New Mutants ni kikosi cha vijana wanaosomeshwa na Profesa Xavier, wadogo wa X-Men. Wote ni myutanti, watu waliozaliwa na uwezo usio wa kawaida.

"Kipaji chake hakina kazi"

Hii ndiyo dhana kuu, nyingine karibu zote zimezaliwa nayo.

Chukua toleo la 21, lililochorwa na Bill Sienkiewicz. Wasichana wa shule ya Xavier wamewaalika wenzao kulala hapo, usiku wa vicheko na muziki, kisha kiumbe kutoka angani kinawaangukia. Kinaitwa Warlock. Mwili wake ni chuma na nyaya zilizo hai, haukai katika umbo moja, na sauti zinazomtoka hakuna anayezielewa. Vijana wanafanya walichofundishwa, wanapigana. Kila pigo linamzidishia Warlock hofu, na kila akiogopa anazidi kuwa wa hatari.

Ndipo wanapokwenda kumwita Doug. Hadi usiku ule yeye alikuwa jirani tu, rafiki wa Kitty Pryde, msichana wa X-Men, na kijana hodari wa kompyuta ambaye hakujua kwamba naye ni myutanti. Wakubwa walijua wakanyamaza. Anaelezwa ukweli juu kwa juu, anafikishwa mbele ya kiumbe kile, na anaanza kusema nacho. Kumbe aliyeanguka ni mtoto aliyekimbia nyumbani. Katika kabila lake, Technarchy, desturi inataka baba na mwana wapambane hadi mmoja afe. Baba yake, Magus, ni mkubwa kiasi cha kuichezea nyota. Warlock hakutaka kuua wala kuuawa, akatoroka.

Walichodhani ni uvamizi kilikuwa ombi la hifadhi. Wenye nguvu wote waliokuwepo hawakuligundua hilo, na lau wangeendelea na ngumi wangemuua mtoto mkimbizi au yeye angewaua wao kwa hofu. Usiku ule uliokolewa na mazungumzo. Anayesema kipaji hiki hakina kazi nadhani hajawahi kumsindikiza bibi yake hospitalini, akiwa na miaka kumi na moja, akamgeuzia maneno ya daktari kwa lugha ya nyumbani huku akipima jinsi ya kulisema neno zito. Watoto wengi wa kwetu wameifanya kazi hiyo bila kuambiwa kwamba ni kazi.

"Hata jina lake lina maana ya sifuri"

Hapa pana nusu ya ukweli, na nusu yenyewe inapendeza. Neno la Kiingereza alilopewa Doug na neno letu *sifuri* yana babu mmoja, neno la Kiarabu *ṣifr*, yaani kitu kitupu. Kiswahili kililichukua na kuliacha kwenye hesabu. Huko Ulaya neno lilipita kwenye Kilatini, likawa na maana ya sifuri, baadaye likaongeza maana ya maandishi ya siri ambayo hayasomeki bila ufunguo. Kiingereza kililitumia pia kumtaja mtu asiye na uzito wowote.

Wanaomdharau wanaishikilia maana hiyo ya mwisho. Lakini jina la kijana anayefungua kila maandishi yaliyofungwa limetokana na maandishi ya siri. Na kama mtu bado anang'ang'ania sifuri, basi aiandike baada ya moja aone inakuwa ngapi.

"Ni kamusi inayotembea, anatafsiri maneno tu"

Kamusi hukupa neno kwa neno. Uwezo wa Doug uko kwenye kutambua mpangilio: akisikia au kuona kidogo cha mfumo wowote wa mawasiliano, akili yake inashika namna unavyofanya kazi. Usemi wa binadamu ni mfumo mmojawapo tu. Kuna maandishi ya kale, kuna lugha za viumbe wa mbali, kuna msimbo wa kompyuta, ambao alikuwa akiuchezea kabla hajajua kwa nini unamjia kwa wepesi. Kuna pia mwili, kwa sababu mabega, macho na miguu vina usemi wake.

Hili la mwili lilikuja kuonyeshwa wazi kati ya 2009 na 2010, katika mfululizo wa New Mutants ulioandikwa na Zeb Wells. Doug anafufuliwa kwa hila na mchawi Selene, ambaye anayatawala matakwa yake na kumtuma dhidi ya rafiki zake wa zamani. Kijana aliyekuwa akijificha nyuma ya miti wakati wa vita sasa anawakabili peke yake, kwa sababu anausoma mwili wa kila mmoja kama sentensi na kujua pigo litatokea wapi kabla halijarushwa. Anakombolewa na Warlock, rafiki yuleyule wa usiku wa 1984.

Kumbuka kwamba kipaji hakikuongezwa. Ni kilekile, sema mwandishi alikaa chini akakifikiria mpaka mwisho.

"Alipoungana na Warlock alikuwa amevaa silaha tu"

Doug na Warlock walizoea kuungana mwili na akili wakawa mtu mmoja, na anayetazama picha bila kusoma atadhani kijana amevaa deraya ya chuma. Ukweli ni mzito zaidi. Jamaa wa Warlock huishi kwa kuwaambukiza viumbe wengine virusi vinavyougeuza mwili kuwa mashine, kisha kuwanyonya uhai. Warlock alikuwa mpole, ila maumbile yake yalikuwa ya kwao. Kila mara Doug alipokubali kuungana naye alikuwa anauweka mwili wake rehani, akijua, na vitabu vinaionyesha hofu yake ya kujipoteza. Walioitwa mashujaa wa kweli waliingia vitani wakiwa na ngozi ngumu au ngao. Huyu aliingia akiwa na imani kwa rafiki.

"Wasomaji walipiga kura auawe"

Hapana. Dhana hii inachanganya vijana wawili waliokufa katika mwaka mmoja. Aliyepigiwa kura ni Jason Todd, Robin wa pili wa Batman, huko DC, kampuni nyingine ya vibonzo. Mwaka 1988 wasomaji walipewa namba mbili za simu, ya kumwacha hai na ya kumuua. Kura 5,343 zilitaka afe na 5,271 zilitaka aishi. Tofauti ni kura 72.

Doug alikufa miezi kadhaa kabla ya kura hiyo, katika toleo la 60 la New Mutants lenye tarehe ya Februari 1988, lililoandikwa na Louise Simonson na kuchorwa na Bret Blevins. Hakuna aliyepiga simu. Hata hivyo kuna ukweli unaoipa dhana hii pumzi. Simonson mwenyewe ameeleza kwamba wachoraji walichoka kumchora, kwa kuwa kila vita vikianza hakuwa na la kufanya ila kujificha, na kwamba barua za wasomaji zilikuwa za kumchukia. Barua za kumpenda, kwa maelezo yake, zilianza kufika baada ya kufa kwake. Kila nikilikumbuka hili moyo unanisononeka, kwa sababu halihusu vibonzo peke yake.

Na alikufaje? Wengine husema kwa uzembe, kwamba alisimama asipopaswa kusimama. Aisome tena anayesema hivyo. Wako kisiwani, wanapambana na mtu anayejiita Ani-Mator, anayewageuza wanyama kuwa viumbe wa mateso. Bunduki inaelekezwa kwa Rahne Sinclair, msichana wa Kiskoti anayegeuka mbwa mwitu. Doug anaiona, anajitupa katikati, anaipokea risasi. Asiye na ngozi ya chuma ndiye aliyejitolea kuwa ngao. Katika purukushani ile wenzake hawakugundua mara moja kwamba amepigwa.

Kinachofuata, katika toleo la 64, ndicho kinachonitoa machozi hata sasa. Warlock haelewi kifo ni nini. Kwao mwili ukiishiwa nguvu unaongezewa nyingine. Basi anauchukua mwili wa Doug na kwenda nao huku na huko, akijaribu kuuamsha, akiupeleka hadi kwa Rahne ili msichana asiendelee kulia. Yule aliyeweza kumweleza mambo kwa lugha yake ndiye aliyelala. Wengine wote wanahangaika kumfahamisha neno moja, na hawana mkalimani.

"Douglock ni Doug aliyefufuka"

Kifupi: siye. Katika miaka ya 1990 alitokea kiumbe mwenye sura na kumbukumbu za Doug na mwili kama wa Warlock, akaishi na kikosi cha Excalibur. Mwishoni mwa muongo huo ilibainika kwamba alikuwa Warlock mwenyewe, amebeba kumbukumbu za rafiki yake. Doug alibaki kaburini hadi kisa cha Selene.

"Kikrakoa ni lugha kamili aliyoibuni"

Mwaka 2019 Jonathan Hickman aliwahamishia myutanti wote kwenye Krakoa, kisiwa kilicho hai, kilichojulikana tangu 1975 kama jitu linalokula watu. Ili taifa lijengwe juu ya kiumbe, lazima mtu azungumze nacho, na anayeweza ni Doug peke yake. Kijana wa kujificha nyuma ya miti akawa sauti ya ardhi yenyewe, akiketi kwenye baraza la wakubwa na kuwaeleza kisiwa kinataka nini. Yeye ndiye aliyewatungia myutanti lugha yao, Kikrakoa.

Ndani ya hadithi, ni lugha kweli. Ila mashabiki wengi wanaamini kwamba zile alama zinazoonekana kurasani ni lugha mpya yenye msamiati na sarufi, na hapo wanakosea. Ni mwandiko uliosanifiwa na Tom Muller. Kila alama inasimama badala ya herufi ya Kilatini au tarakimu, na ukibadilisha alama kwa herufi unapata Kiingereza. Wasomaji waliufumbua mapema sana.

Mtu wa pwani halihitaji somo refu hapa. Tenzi za Pate na Lamu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, na mgeni aliyezitazama bila kujua kuzisoma angeapa kwamba ni Kiarabu. Zilikuwa Kiswahili. Mwandiko ni vazi, na kwa mujibu wa jina la Cypher, vazi hilo la Krakoa ni fumbo la kubadilishana herufi, la aina anayoifungua mtoto wa shule kwa penseli.

"Hakuna asichokielewa"

Wanaompenda nao wana dhana yao. Wanasema hakuna usemi unaomshinda.

Upo. Mwaka 2020, katika kisa cha X of Swords, mashujaa wa Krakoa wanatakiwa kushika panga kumi dhidi ya wapiganaji wa Arakko, nusu ya pili ya kisiwa hicho iliyotengana nacho zamani. Doug anachaguliwa, na kila mtu anaona ameshakufa. Mpinzani wake ni Bei, anayeitwa Mwezi wa Damu, mwanamke shujaa anayemzidi urefu na nguvu. Bei anapofungua kinywa wote wanamwelewa, kwa kuwa kinachotoka si lugha bali ni wazo lenyewe linalopenya moja kwa moja. Wanamwelewa wote isipokuwa Doug. Hapana mpangilio wa kushika, hapana kanuni, hakuna cha kufumbua. Kwa mara ya kwanza anasimama mbele ya mtu bila kujua anaambiwa nini.

Na pambano lenyewe likageuka kuwa harusi, maana ndilo shindano walilopangiwa. Doug hakulikimbia. Alimtazama Bei usoni, akakubali, na mashindano yalipokwisha wakarudi Krakoa pamoja, mume na mke.