Sindano ya chuma kwa anayechujwa damu: maswali na majibu

Ugonjwa ni wa figo. Damu inapungua kwa nini?

Figo ndizo zinazotoa erithropoietini, homoni inayouamuru uboho kutengeneza chembe nyekundu. Zikishindwa, amri hiyo hufifia. Halafu kuna damu inayopotea. Mwisho wa kila kipindi cha kuchujwa nesi hurudisha mwilini damu iliyo kwenye mashine kwa maji ya chumvi, lakini hebu kitazame kichujio: wekundu umebaki. Jumlisha na vipimo vya mara kwa mara. Kwa mwaka hupotea gramu 1 hadi 3 za chuma, malighafi ya chembe nyekundu, na chakula pekee hakifidii.

Si nimeze vidonge tu?

Kwa wengi havitoshi. Mgonjwa wa figo huwa na hepsidini nyingi, homoni inayozuia chuma kupenya kutoka kwenye utumbo. Chuma cha sindano ya mshipani hakipiti huko. Wala hutobolewi upya; dawa hiyo ya rangi ya kahawia huingizwa polepole kwenye mpira wa mashine, mara nyingi miligramu 100 kila kipindi, vipindi 10.

Mbona nachomwa EPO, yaani sindano ya erithropoietini, kila wiki na damu haipandi?

EPO bila chuma ni kumwita fundi wakati saruji hakuna. Ulizia majibu mawili: feritini, yaani akiba, na asilimia ya chuma kinachosafirishwa kwenye damu. Feritini peke yake hudanganya, maana hupanda pia kukiwa na maambukizi, hata kama chuma hakitumiki. Chuma kikiwa sawa, daktari atafute kwingine: pengine unavuja damu tumboni, au unachujwa pungufu ya inavyotakiwa kwa sababu ya gharama.

Je, ni salama?

Utafiti wa PIVOTAL wa Uingereza, uliotoka 2019, ulifuatilia wagonjwa 2,141. Waliopewa miligramu 400 kila mwezi, dozi ikisitishwa akiba ikizidi, walitumia EPO kidogo kuliko waliosubiri mpaka chuma kishuke. Vifo na matatizo makubwa ya moyo, vikijumlishwa, vilikuwa vichache kwao, na maambukizi hayakuzidi. Hata hivyo, ukiwa na homa au katheta (mpira wa kuchujia uliowekwa mshipani) ina usaha, sema kabla hujawekewa. Kwa kawaida dozi huahirishwa. Mzio mkali ni nadra. Ukiwashwa au kifua kikibana, mwite nesi papo hapo.

Kwa nini nisiongezewe damu yakaisha?

Hali ikiwa mbaya utaongezewa. Ila damu ya mtu mwingine inaweza kuufanya mwili utengeneze kingamwili, yaani askari wa kushambulia kigeni, na siku ya kupandikizwa figo ukakosa inayokufaa.

Na juisi ya bitiruti?

Ndugu huileta kwa mapenzi, chupa nzima, pamoja na supu ya matembele. Vyote vina potasiamu nyingi, na figo zako haziwezi kuitoa. Ikizidi, moyo unaweza kusimama. Kama umeshakunywa na unahisi misuli kulegea au mapigo kwenda ovyo, usingoje zamu yako ya mashine. Nenda hospitali sasa hivi.